Mbwa wa Kilimarondo na Swali Ulilouliza Wodini

Mpendwa Agostino,

Shuleni walitufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Siwezi kuanza hivyo, kwa sababu si mzima. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari kijana aliyenipima wiki iliyopita alizungumza na mpwa wangu Esha nje ya mlango, kwa sauti ile ambayo watu hudhani wazee hawaisikii. Muda nilio nao unatosha kuandika barua. Hautoshi kusubiri majibu. Na kwa kuwa sijui unakaa wapi, kama ni Nampula, au ng'ambo tu ya Ruvuma, au umeshatangulia, naiandika wazi. Kila mtu aisome. Huenda mmoja wao anamfahamu mzee mrefu wa Kimakua, muuguzi, ambaye zamani aliogopa farasi.

Uliniuliza swali, nami nikakujibu kiutani. Kabla sijafa nataka ulipate jibu lenyewe. Hiyo tu ndiyo haja yangu. Lakini siwezi kulifikia jibu bila kupita kwa wale mbwa, kwa hiyo nivumilie kama ulivyonivumilia njiani.

Unakumbuka mafuta yalipoadimika, Landrova ya idara ikawekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi pale Nachingwea, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia vijijini, kutoka Mtua mpaka Kilimarondo, na chanjo imekaa kwenye friji haina wa kuipeleka. Ndipo bosi wangu akakumbuka farasi wawili walioachwa na wageni waliokuwa wakilima shamba kubwa nje ya mji. Wilaya nzima, mtu pekee aliyewahi kukaa juu ya farasi alikuwa mimi, binti wa Kimwera kutoka Ruangwa, niliyepanda mara chache nilipokuwa chuoni Morogoro nikisomea mifugo. Nikaambiwa niende nikachanje mbwa. Wewe ukaazimwa kutoka hospitali unifuate, kwa ajili ya watu walioumwa na mbwa.

Sokoni waliwapa farasi wetu majina kabla hatujawapa sisi. Yule mkubwa, mnene, asiyependa kuondoka mahali, wakamwita Meneja. Mwenzake mwembamba mwenye wasiwasi wakamwita Karani. Wewe ulipewa Karani.

"Bibi Mifugo, huyu anauma?" uliniuliza, umesimama mbali naye kama mtu anayesoma tangazo.

"Anauma Wamakua tu."

"Basi nitamwambia mimi Mmwera. Ataniacha kwa huruma."

Ndivyo tulivyokuwa, tangu siku ya kwanza. Wewe Mmakua na mimi Mmwera tulikuwa watani, na utani wa kwetu una sheria zake. Mtani hukutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kununa. Anaweza kukuita mke wake katikati ya soko, akakunyang'anya na muwa mkononi. Na ukifa, wafiwa wakiwa wamekaa kwenye jamvi wanalia, yeye ndiye anayeinuka, anaigiza ulivyokuwa ukitembea na ulivyokuwa ukila, mpaka waliolia wacheke. Tulisafiri na utani huo kama watu wengine wanavyosafiri na redio. Ulitufaa. Msichana Mwislamu na kijana Mkristo, siku nzima porini peke yao, watu walikuwa na haki ya kusema mengi. Walipotusikia tukitukanana tangu mbali walisema, aa, hao ni watani, wakarudi kupalilia.

Mbwa wa Mtua ndio waliotufundisha kazi. Tuliingia kijijini asubuhi, mimi mbele, wewe nyuma umeshikilia tandiko kwa mikono miwili kama mtu aliyepakata mtungi wa maji. Mbwa watatu wakatoka nyuma ya ghala la korosho. Kule kwetu hata ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o, sembuse farasi. Wale mbwa hawakuwahi kuona mnyama mkubwa kiasi kile, tena ana mtu mgongoni. Walikuja wote kwa pamoja, kama watu wanaokwenda kuzima moto. Nikakuambia usimwache akimbie. Nawe ukafanya kile ambacho kila mtu hufanya akiogopa, ukambana tumboni kwa miguu, na farasi akibanwa tumboni anasikia neno moja, nenda. Karani akaondoka shoti. Mbwa wakaona kuna kitu kinachokimbia, na mbwa hana haja ya kujua kinakimbia nini.

Nilikukuta umelala chali katikati ya shamba la mbaazi, kofia yako imening'inia kwenye tawi.

"Umeumia?"

"Nakagua shamba."

Mama mwenye shamba alikuwa amepinda mgongo na jembe lake, wala hakuunyoosha. "Mganga," akasema, "mbaazi zangu bado mbichi. Ungeanguka mwezi wa saba."

Mchana ule, tukila muhogo wa kuchemsha kwenye baraza la mwenyekiti wa kijiji, nilikueleza nilichofundishwa. Mbwa wakija, punguza mwendo mpaka hatua za kawaida, kisha msimamishe. Mgeuze farasi awatazame, maana kilicho nyuma ya mkia wake hakioni, na asichokiona ama anakipiga teke ama anakikimbia. Hatamu ziwe fupi lakini mkono uwe laini. Pumua. Farasi anayasikia mapaja yako kabla hajawasikia mbwa, na ukijikaza anaamini kwamba kifo kimefika. Sema na mbwa kwa sauti ya chini, wala usimkazie macho. Akizidi kusogea, mpeleke farasi hatua mbili kumwelekea, bila hasira, kama mtu anayetaka kupita mlangoni, na mara nyingi mbwa atakumbuka kwamba ana kazi nyingine. Wakirudi nyuma usiwape mgongo. Ondoka ubavu ubavu, taratibu, mpaka uvuke mpaka wa shamba lao.

"Na wasiporudi nyuma?"

"Unamsubiri mwenyewe atoke awaite."

"Mwenyewe akiwa kilabuni?"

"Unazeeka hapohapo juu ya farasi."

Ulitafuna muhogo wako ukifikiri. Halafu ukasema kumbe ndiyo sababu wanawake wa Kimwera wana sura za uzee, wanasubiri waume watoke kilabuni. Mke wa mwenyekiti alicheka mpaka akaweka chini ungo wake.

Kilichobaki ulikileta wewe. Kule Kilimarondo, mashamba yanakopakana na pori, mbwa hawafugwi kwa ajili ya wezi. Wanafugwa kwa ajili ya nguruwe pori na nyani, na mbwa anayepigana na nguruwe haogopi farasi aliyesimama. Uliniambia kwenu mgeni hapiti shamba la mtu mpaka apewe majina ya mbwa. Anasimama mpakani, anapiga hodi, na kabla hajaulizwa habari za alikotoka anauliza, mbwa wanaitwaje? Mwenye shamba akikupa majina amekukubali. Asipokupa, zunguka.

Tukaanza kufanya hivyo. Ulikuwa na sauti nzuri ya hodi, ndefu, haina haraka. Alikuwepo mzee mmoja ambaye mbwa wake waliitwa Watasema, Waache na Hainihusu. Kijiji kizima kilijua kwamba majina yale yalikuwa ujumbe kwa wakwe zake wa nyumba ya pili. Nakuona mpaka leo juu ya Karani, mbwa watatu wamekuzunguka meno nje, nawe unawabembeleza kwa majina yao kwa sauti ya kanisani. "Watasema, baba. Taratibu, Waache. Hainihusu, njoo tuongee." Hainihusu ndiye aliyekaa chini kwanza.

Mzee hakutaka wachomwe. "Mkimtia sindano atakuwa mpole. Nguruwe wakimaliza mahindi mtakuja kunilisha nyinyi?"

"Mzee wangu," ulimwambia, "mimi nimechomwa sindano nyingi kuliko mbwa wako, na muulize huyu mke wangu wa Kimwera kama nimekuwa mpole."

Tukawachanja wote watatu.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi si la juu ya farasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mbwa kichwa na kumfunga mdomo kwa kipande cha kanga, na mate yake yakinipaka mikono. Nyumbani bibi yangu alikuwa ameshakataa kula nami sahani moja. Kila tulipomaliza kijiji nilitafuta maji na udongo ninawe kama dini inavyotaka, mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Siku za kwanza nilijimiminia mwenyewe kwa shida. Halafu siku moja ulichukua kata mkononi mwangu, ukainama, ukanimiminia. Ukahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilipokosea ukaniambia, "Bado moja." Tangu hapo ikawa kazi yako. Ni wakati pekee katika siku nzima ambapo hatukutaniana. Sijui kama uliligundua hilo. Mimi nililigundua mapema, na nilianza kunawa polepole.

Sasa nifike kwenye mto Mbwemkuru.

Tulikuwa tumemaliza, tunarudi. Nilikuwa nimeshuka chini kukaza mkanda wa tandiko la Meneja, mgongo nimeupa njia. Wewe ulikuwa juu. Mbwa mmoja alitoka upande wa bondeni, naye hakubweka. Alitembea moja kwa moja, mkia umelala, udenda unavuja, hatazami kulia wala kushoto, kama mtu aliyetumwa mahali. Nilipogeuka alikuwa ameshakaribia. Kila nilichokufundisha kilikuwa cha mbwa mwenye akili zake. Huyu hakuwa na jina la kuitwa. Mbwa wa namna hiyo unamkimbia, na mimi nilikuwa chini, mguu mmoja umenasa kwenye kamba ya Meneja.

Wewe ndiye uliyembana Karani tumboni, safari hii kwa makusudi, ukampitisha kati yangu na yule mbwa. Karani alipiga kwato. Mbwa akamuuma mguu wa mbele, kisha akaruka akauma mguu wako uliokuwa ukining'inia ubavuni, juu kidogo ya kiatu. Watu waliokuwa shambani walikuja na majembe wakammaliza. Ulishuka mwenyewe, ukaomba sabuni, ukakaa juu ya jiwe ukaosha kidonda kwa muda mrefu sana, kama ulivyokuwa ukiwaamuru wengine waoshe. Mimi nilimimina maji.

Ulilazwa Nachingwea. Sindano za tumboni, kila siku moja. Dawa ilikuwepo, lakini mafuta ya taa ya friji yalikuwa yamekatika mara nyingi, na hakuna aliyejua kama ilikuwa bado na nguvu. Wewe muuguzi ulijua hivyo kuliko wote. Karani tulimfunga kwenye zizi peke yake tukamtazama. Asubuhi nilikwenda kumwangalia yeye, alasiri nikaja kukuangalia wewe, na wote wawili nilikuwa nawatazama macho, kama mnaogopa maji, kama mwanga unawasumbua. Nilikuwa mtaalamu. Nilijua ninachokitafuta.

Wodini walinizoea. Yule mzee wa kitanda cha pili, aliyekatwa na panga akivuna korosho, alikuwa akiniona mlangoni anakuambia, "Amka, mtani wako kaja kupima jeneza." Ulikuwa ukicheka. Na mimi nilikuja na utani mpya kila siku, nimeutengeneza njiani, kwa sababu niliamini kazi ya mtani kwa mgonjwa ni hiyo.

Alasiri ile hukucheka. Uliniita jina langu. "Somoe," ulisema, kwa sauti ya kunitosha mimi tu, "nikitoka hapa nataka kuwaleta wazee wangu Ruangwa, kwenu. Waje wazungumze na baba yako. Unasemaje?"

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Nami nikasema kwa sauti ya juu, ya sokoni, "Mmakua wewe, kufa kwanza, nije nicheze kaburini kwako. Ukifufuka tutazungumza mahari."

Wakacheka wote. Mzee wa kitanda cha pili alishika kidonda chake kwa kucheka. Na wewe ulicheka, ukiwa wa mwisho, kidogo, halafu ukageukia ukutani. Nikakunyooshea shuka ambayo haikuwa imekunjamana, nikaondoka.

Agostino, nilijua kwamba hukutania. Mtani haulizi kwa sauti ya chini. Mtani haiti mtu jina lake. Kwa miaka yote hii nimejiambia kwamba ilikuwa dini, au baba yangu, au mto Ruvuma ulio kati ya watu wako na wangu. Uongo. Baba yangu alikupenda, na mambo ya dini wengine waliyazungumza wakayamaliza. Niliogopa tu. Nilikuwa nimekaa siku zile nikihesabu dalili ambazo hazijaja, na nilifikiri, nikisema ndiyo leo na kesho akakataa maji, nitakuwa mjane wa mtu ambaye hajawahi kuwa mume wangu. Utani ulikuwa karibu na ulimi, nikaukimbilia. Mimi niliyewafundisha watu wa wilaya mbili kutompa mbwa mgongo, nilikupa mgongo wewe, nikaondoka shoti.

Wewe ulipona. Karani hakupona. Alianza kung'ata mbao za zizi na kujipiga ukutani, na bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, alikuja na bunduki. Nilisimama nje ya boma la zizi, nikamwita jina lake kwa sauti uliyokuwa ukiitumia wewe, mpaka aliponigeukia. Mlio ulifika hospitali. Nilipokuja alasiri uliniuliza, "Ilikuwa Karani?" Nikasema ndiyo. Ukaulizia kama aliumia muda mrefu, nikasema hapana. Ukashukuru.

Baada ya hapo tulifanya kazi na Meneja peke yake, mmoja akipanda, mwingine akitembea, tukibadilishana. Ulikuwa mchangamfu kama zamani. Ulinimiminia maji kama zamani. Lakini hukuniita tena Somoe. Asubuhi mtani, jioni mtani. Mtu mwingine asingeona tofauti. Mimi nilikuwa nasikiliza kila siku, nikingoja ukosee walau mara moja, na hukukosea.

Vita vilipokwisha kwenu ng'ambo ya Ruvuma, mama yako akatuma ujumbe urudi. Kituo cha mabasi kilijaa watu wa ng'ambo wenye mabegi ya kufunga kwa kamba. Ulikuwa umevaa shati jeupe. Uliniambia, "Mtani, nikifa usiache kuja kucheza," nikakujibu kwamba nitakuja na ngoma mbili. Ulipanda. Nilibaki pale mpaka vumbi lilipotulia, na mama muuza karanga akaniuliza kama nimeibiwa.

Zilikuja barua zako chache, zote za utani. Nilizijibu kwa utani. Kisha zikakoma, na sijui ni nani kati yetu aliyeacha kwanza.

Niliolewa baadaye, Ruangwa, na mwalimu. Alikuwa mtu mwema na sitaki barua hii imvunjie heshima. Tuliishi vizuri, hatukujaliwa mtoto, na alikufa mikononi mwangu akinishukuru. Nilimlilia kwa haki. Kwake sina deni. Ninayokuandikia yalikuwa mahali pengine, na nadhani alijua kwamba kuna mahali pengine, akaniachia.

Sasa naishi na Esha, binti wa marehemu dada yangu. Ni mtoto mwema. Anafanya kazi halmashauri, anaondoka asubuhi baada ya kunipikia uji, anarudi jua likishuka. Katikati ya hapo ni mimi na ukuta. Watu wakipita wananisalimu, shikamoo bibi, namjibu kila mmoja marahaba, wanaendelea na safari zao. Wananiheshimu wote, Agostino. Hilo ndilo ambalo nikimweleza mtu hanielewi. Tangu watani wangu walipokwisha, mmoja mmoja, hakuna aliyebaki wa kunitukana. Hakuna wa kuniambia nina sura ya uzee. Nimebaki na shikamoo, na shikamoo hukaa nje ya mlango. Kuna siku nimejikuta natamani mtu aingie humu ndani bila hodi aniambie, wewe Mmwera bado hujafa tu, unatuchelewesha.

Mwezi uliopita Esha alinipakia kwenye bodaboda kwenda kliniki. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, kichwani kofia ya timu ya mpira, redio imefungwa kwenye usukani. Karibu na machinjioni mbwa wawili wakatutokea. Akanyanyua miguu juu ya tangi na kuongeza mafuta.

"Simama," nikamwambia.

"Bibi, hawa watatutafuna."

"Simama, mwanangu. Zima hicho chombo. Wageuzie uso."

"Dah, bibi, ukiumwa, Esha atanimaliza mimi."

Lakini alisimama, nadhani kwa sababu nilikuwa nimemshika shati. Mbwa wakafika, wakabweka, wakaona hakuna kinachokimbia. Nikawasemesha. Sikuyajua majina yao, nikatumia yale ya Kilimarondo. Taratibu, Watasema. Njoo tuongee. Mmoja akakaa chini kujikuna sikio. Kijana akanitazama kwenye kioo.

"Bibi, wewe mchawi?"

"Mimi afisa mifugo mstaafu. Washa, twende polepole."

Alicheka njia nzima. Akaniuliza nani alinifundisha, na nilipofungua mdomo kusema Morogoro, nililia. Mtoto wa watu akadhani ni maumivu, akawa anaendesha kama amebeba mayai. Usiku ule nilimwomba Esha karatasi.

Basi nisikie. Kama ungeniuliza leo nikiwa nimesimama pale pale, wodi nzima ikisikiliza, ningekaa kwenye ukingo wa kitanda chako. Ningekushika mkono, na mimi mikono yangu ilikuwa safi, wewe mwenyewe ulihesabu. Ningesema walete wazee wako. Walete hata kesho. Ukinifia kesho kutwa nitakuwa mjane wako, na sitaona haya kuitwa hivyo. Ningesema kwa sauti ya chini, ya kukutosha wewe tu.

Kama umeshatangulia, basi mazishi yako yamepita na mtani wako wa Kimwera hakuja na ngoma. Nilipowaza hivyo mara ya kwanza niliona aibu. Sasa naona afadhali. Nisingeweza kucheza. Ningefika pale wakanisubiri nianze vituko, nami ningekosa la kufanya na mikono yangu.

Lakini kama uko hai, na barua hii ikakufikia kabla au baada ya kifo changu, nina ombi moja. Watani watakuja msibani kwangu. Wapo bado vijana wa Kimakua hapa mjini ambao wazee wao waliwafundisha, nao wataigiza miguu yangu iliyovimba na nilivyokuwa nikiwafokea watu waliowanyima mbwa maji. Waache wafanye, ni haki yao, na waliolia wacheke. Wewe usisimame nao. Pita katikati yao, vua viatu, ukae kwenye jamvi pamoja na wafiwa, karibu na kaka yangu mdogo aliyebaki. Watu wakija kutoa pole, nyoosha mkono uipokee. Atakuwepo mmoja atakayekuuliza marehemu ni nani wako. Umwambie bila kutania.

Nakuaga, Agostino. Mkono umechoka.

Mimi mchumba wako,
Somoe
Ruangwa